Safari ni yetu, mbona hatusafiri?

MUHULA uliopita, nikiwa katika ukumbi wa mihadhara hapa Eldoret, niliwauliza wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza swali nililolidhani jepesi: "Ni nani kati yenu amewahi kwenda safari?" Walikuwa zaidi ya sitini. Mmoja alitoka Lodwar, mwingine Kwale, na wengi wao Kitale, Kapsabet na Iten. Hapana hata mmoja aliyefika chuoni bila ya kupanda basi au matatu. Hata hivyo, walioinua mikono walikuwa watatu tu.

Nilipowauliza wale wengine walifikaje chuoni, walicheka. Kijana mmoja akanijibu, "Mwalimu, huko kulikuwa kusafiri tu. Safari ni ile ya kwenda kuona wanyama." Msichana aliyeketi nyuma akamalizia, "Na ni ya wazungu."

Jibu hilo sijalisahau. Swali niliuliza kwa Kiswahili, lakini waliolisikia walilitafsiri kwanza kwa Kiingereza kabla ya kulielewa. Neno letu wenyewe lilitoka nyumbani, likazunguka dunia, na liliporudi hatukulitambua. Baadhi ya wasomaji wataona kuwa hili ni jambo dogo la wanaisimu wasio na kazi. Mimi naona kwamba nyuma ya neno hilo moja kuna hasara kubwa zaidi, na hasara yenyewe inatuhusu hasa sisi tunaofundisha na wale tunaowafundisha.

Tuanze na neno lenyewe. Safari tuliipokea kutoka kwa Kiarabu, ikaota mizizi katika lugha yetu na kuzaa jamaa nzima: kusafiri, msafiri, msafara, usafiri, kusafirisha. Tuliipa hata maana ambayo haikuwa nayo ilipotoka, kwani Mswahili husema "safari hii" akimaanisha "mara hii". Katika karne ya 19 ndilo lililokuwa neno la misafara iliyotoka pwani, kama vile Bagamoyo, ikaelekea Tabora na Ujiji, mizigo ikiwa juu ya vichwa na mabega ya wapagazi. Waingereza walilikuta huko barabarani. Richard Burton ni miongoni mwa wa kwanza kulitia katika maandishi ya Kiingereza. Hadi hapo, safari ilikuwa mwendo wa mtu yeyote mwenye haja ya kufika mahali.

Maana ilibadilika wawindaji walipokuja. Mnamo Aprili 1909, Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu katika urais wa Marekani, aliteremka Mombasa pamoja na mwanawe Kermit, ambaye mbali na kuwinda alikuwa mpiga picha wa msafara. Kwa hesabu iliyoandikwa na Roosevelt mwenyewe, baba na mwana waliua wanyama 512. Wengi wao walipelekwa katika makumbusho ya Marekani. Safari hiyo ilisomwa ulimwenguni kote, na tangu hapo msomaji wa Ulaya na Marekani akaelewa kuwa safari ni jambo linalofanywa na tajiri, porini, akiwa na bunduki mkononi na Waafrika wengi wasiotajwa majina nyuma yake.

Wengi wa wanafunzi wangu hawajui kwamba msafara huo ulipita hapa hapa petu. Mnamo Novemba 1909, Roosevelt alikuwa katika uwanda wa Uasin Gishu, karibu na mto Nzoia. Huko alikutana na Carl Akeley, aliyekuwa akitafuta ndovu wa kuwekwa katika jumba la makumbusho la New York, akamsaidia kuwaua. Mji wa Eldoret ulikuwa haujazaliwa. Posta yake ilifunguliwa mwaka uliofuata katika shamba nambari 64, na ndiyo sababu wazee wa mji huu waliuita "Sisibo". Pale tunapopanda mahindi na ngano leo, ndovu walikuwa wakitembea.

Serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji mnamo Mei 1977, na bunduki ikaipisha kamera. Hilo lilikuwa jambo jema. Lakini lugha haikubadilika kwa kasi ya sheria. Wale tunaowaita Watano Wakubwa, yaani simba, chui, ndovu, kifaru na nyati, hawakuchaguliwa kwa ukubwa wala uzuri wao. Ni wawindaji waliowateua kwa sababu walikuwa wa hatari mno kuwindwa kwa miguu. Mtalii wa leo anayetia alama katika orodha yake kila aonapo mmoja wao anafuata hesabu ya mwindaji bila kujua. Twiga, ambaye hamdhuru mtu, hayumo. Kiboko hayumo. Duma naye hayumo.

Waingereza hutumia kitenzi kimoja kwa kufyatua risasi na kwa kupiga picha, na wengi wamewahi kulisema hilo. Nasi je? Sisi pia husema "kupiga risasi" na "kupiga picha". Hata hivyo, kitenzi chetu si cha vita. Mswahili hupiga simu, hupiga pasi, hupiga magoti, hupiga hodi. Kupiga kwetu ni kutenda, na aghalabu ni kutenda kwa adabu. Anayepiga hodi hungoja kukaribishwa. Natamani kila anayepiga picha porini angeikumbuka hodi.

Nasema hivyo kwa sababu ya yale yaliyoonekana Julai 2025. Picha za video zilienea duniani zikiwaonyesha watalii walioshuka magarini katika Serengeti, wakasimama kandokando ya mto Mara na kuwazibia njia nyumbu waliokuwa wakivuka. Kila mmoja alikuwa na simu au kamera juu. Watu walikasirika, na walikuwa na haki ya kukasirika. Lakini wengi waliishia kuwalaumu watalii na waliowaongoza. Hawakujiuliza ni kwa nini mwongozaji, mtu anayezijua tabia za nyumbu kuliko mgeni yeyote, alinyamaza au hakusikilizwa. Mwongozaji aliyeajiriwa ili kumfikisha mgeni kwenye picha hana tofauti kubwa na mpagazi wa mwaka 1909. Ujuzi wake hautakiwi, unaotakiwa ni usukani wake tu.

Na ujuzi huo ni mkubwa ajabu. Miaka michache iliyopita nilipata bahati ya kuketi mbele, kando ya dereva, katika gari la watalii huko Maasai Mara. Redio ya gari haikunyamaza. Madereva walikuwa wakipashana habari za wanyama kwa Kiswahili, lakini Kiswahili ambacho mimi, mwenye shahada ya uzamifu katika lugha, sikukifahamu mara moja. Mmoja aliuliza kama kuna aliyeona "sharubu". Mwingine akajibu kwamba yeye yuko na "masikio" karibu na mto, na kwamba "madoadoa" yuko juu ya mti.

Niliinama nikamuuliza dereva maana yake. Akanijibu kwa sauti ya chini, "Mwalimu, siku hizi mgeni anajua simba ni nini. Ukisema simba kwenye redio na ukimkosa, mgeni atanuna siku nzima." Tangu filamu maarufu ya simba ilipotolewa Marekani mwaka 1994, hata mtoto wa Chicago anajua maana ya neno hilo, na kampuni iliyoitengeneza ilifikia hatua ya kusajili maneno "hakuna matata" kuwa alama yake ya biashara kwa mavazi. Maneno yetu yakiisha kuchukuliwa, vijana hawa huketi garini na kuunda mengine. Sharubu ni simba, masikio ni ndovu, madoadoa ni chui. Huo ni ubunifu wa lugha unaostahili kuandikiwa tasnifu. Lakini yule aliyeuzaa akitaka kujiendeleza katika kazi yake, vitabu vya kusomea vya wanyama, ndege na mimea atakavyovikuta ni vya Kiingereza. Anafikiri kwa lugha moja na kutahiniwa kwa nyingine.

Sasa turudi hapa kwetu, kwani ni hapa ninapouonea uchungu zaidi. Mwaka 1903, mtaalamu wa Uingereza, Richard Lydekker, aliwaelezea wasomi wenzake aina ya twiga ambaye kielelezo chake kilitoka katika uwanda huu wa Uasin Gishu. Akampa jina la Walter Rothschild, tajiri wa London aliyependa elimu ya wanyama. Kwa miaka zaidi ya mia moja, twiga wa nyumbani kwetu amekuwa akiitwa kwa jina la ukoo wa wenye benki wa Ulaya. Wengine humwita twiga wa Baringo, na angalau jina hilo lina harufu ya udongo wetu. Mnamo Agosti 2025, shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, lilikubali kwamba twiga si spishi moja bali ni nne, na katika mpango huo mpya twiga wetu amehesabiwa pamoja na yule wa Nubia. Yaani jina limebadilika tena, na safari hii pia hakuna aliyetuuliza.

Twiga hao waliendelea kuishi Soy, kaskazini mwa mji huu, hadi miaka ya 1970. Ranchi walimokaa ilipogawanywa kuwa mashamba ya watu, ilibidi wahamishwe. Baadhi walipelekwa mbuga ya Ziwa Nakuru, wengine Langata jijini Nairobi, na kizazi chao ndicho ambacho watoto wa jiji huenda kukilisha kwa mikono. Simlaumu hata kidogo mkulima aliyepewa ekari zake. Alikuwa amezingoja kwa muda mrefu, na watoto wake walihitaji kula. Ninachokilalamikia ni kimya kilichofuata. Twiga waliondoka Uasin Gishu, na sisi hatukuandika hata insha moja ya kuwaaga.

Linganisheni kimya hicho na yaliyotokea Baringo. Mwaka 2011, twiga wanane walirudishwa ziwani humo na kuwekwa katika hifadhi ya Ruko, ambayo jina lake limeundwa kwa kuunganisha Rugus na Komolion, sehemu za jamii mbili, Ilchamus na Wapokoti, zilizowahi kumwaga damu ya kila mmoja. Maji ya ziwa yalipopanda, twiga wakazingirwa kisiwani. Kuanzia Desemba 2020 hadi Aprili 2021, twiga tisa waliokuwa huko walivushwa mmoja mmoja kwa chelezo la chuma lililoelea juu ya mapipa matupu. Picha ya twiga akiwa amesimama juu ya chelezo, shingo ikipita urefu wa wanadamu wote waliomzunguka, iliwafikia wasomaji wa London na New York. Baringo ni jirani yetu. Ni walimu wangapi wa kaunti zetu walioileta picha hiyo darasani na kumwambia mwanafunzi aandike kisa chake kwa Kiswahili?

Hapa ndipo penye kiini cha hoja yangu. Siku ile ukumbini niliwaonyesha wanafunzi picha kumi na mbili za wanyama wa Kenya na kuwataka waandike majina yao kwa Kiswahili. Simba, ndovu na twiga hawakuwasumbua. Lakini kongoni, kuro, pofu, choroa, nyamera na pongo wote waliandikwa jina moja tu: swara. Muhanga aliitwa nguruwe. Mondo aliitwa chui mdogo. Karani tamba, ndege arefukaye kama mtoto na kuwawinda nyoka kwa miguu yake, hakupata jina kabisa. Nilipowauliza majina ya wanyama hao katika lugha za nyumbani kwao, wachache walijaribu na wengi wakatazamana.

Msidhani kwamba majina ni mapambo. Anayewaita wanyama sita kwa jina moja huona mnyama mmoja. Watano miongoni mwa sita hao wakitoweka kesho, hatajua kwamba kuna kilichopungua, kwa maana neno lake litakuwa bado na wa kuliita. Mtunga sheria aliyekuzwa hivyo atawalinda vipi? Mwanahabari aliyekuzwa hivyo ataandika nini?

Katiba ya mwaka 2010 imetupa silaha mbili ambazo mara chache tunazitumia pamoja. Kifungu cha 7 kinakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi mbili, na kuitaka dola ikuze lugha za jamii zetu. Kifungu cha 69 nacho kinaitaka dola ilinde maarifa ya kienyeji ya jamii kuhusu viumbe na mimea. Wanasheria huvisoma vifungu hivyo mbalimbali. Mwanaisimu huviona kama kimoja. Maarifa ya kienyeji hayakai hewani. Hukaa ndani ya majina, mafumbo, methali na hadithi, na lugha ikinyauka nayo hunyauka.

Nimekwisha kusikia pingamizi. Watu husema kwamba mtalii hulipa kwa fedha za kigeni na husikia Kiingereza, Kijerumani au Kichina, hivyo Kiswahili hakitamletea mwongozaji mkate. Ni kweli kwamba mwaka 2024 Kenya ilipokea wageni wapatao milioni 2.4 kutoka nje, na familia nyingi hula kwa jasho la kazi hiyo. Wahenga walinena, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi sisemi mgeni asemeshwe kwa lugha asiyoijua. Nasema kwamba mwenyeji naye ana haki ya kupona. Isitoshe, tumeona katika janga la mwaka 2020 jinsi mgeni anavyoweza kukosa kuja kwa miezi mingi. Biashara isiyojua kuzungumza na wananchi wake hubaki kungoja ndege zitue.

Pingamizi la pili ni la walimu wenzangu, na hilo nalistahi zaidi. Husema kwamba shule haina fedha za kuwapeleka wanafunzi Mara. Ni kweli. Lakini nani alituambia kwamba safari ni Mara pekee? Hilo nalo tumeliazima kutoka kwa matangazo ya watalii. Kupita Kitale kidogo kuna mbuga ya Saiwa, iliyotengwa mwaka 1974 kwa ajili ya nzohe, paa wa kinamasi ambaye akitishwa huzama majini na kuacha pua tu nje. Mbuga hiyo ni ndogo kiasi kwamba mgeni huizuru kwa miguu, bila ya gari la kukodi. Chini ya ngazi ya Elgeyo, katika bonde la Kerio, kuna hifadhi ya Rimoi yenye ndovu. Katika mlima Elgon kuna pango la Kitum, ambamo ndovu huingia gizani kuchimba chumvi kwa pembe zao. Haya yote yamo katika eneo letu la magharibi, na mwanafunzi wa Eldoret huyasikia mara ya kwanza kutoka kwa mgeni.

Napendekeza basi mambo matatu, na hakuna hata moja linalongoja wizara. Kwanza, kila shule inayofanya ziara ya mwaka iifanye kuwa somo la lugha pia. Mwanafunzi arudi na majina ishirini kwa Kiswahili na kwa lugha ya kwao, na picha chache za simu, kila moja ikiwa na maelezo aliyoyaandika mwenyewe. Pili, vyuo vinavyowafunza waongozaji wa watalii viweke Kiswahili cha wanyama na mimea katika mitihani yao, ili ujuzi ule wa redioni upate heshima ya karatasi. Tatu, wanafunzi wawaendee wazee kabla wazee hawajatuondokea, wayaandike wanayoyakumbuka.

Hilo la tatu nililijaribu. Niliwapa wanafunzi wangu kazi hiyo wakati wa likizo. Msichana yule aliyesema kwamba safari ni ya wazungu ni wa Soy. Aliporudi alikuwa ameandika kurasa nne kutoka kwa babu yake, ambaye ujanani alikuwa mchungaji katika mashamba ya walowezi. Mzee alikumbuka shingo za twiga zikionekana asubuhi juu ya ukungu kabla miili haijaonekana. Alikumbuka ni miti gani walikula na ni mingapi waliivunja. Alikumbuka jina lao katika lugha yake, na wimbo wa watoto ambao mjukuu hakuwahi kuusikia.

Nilimuuliza msichana kama babu yake ana picha ya siku hizo. Akanijibu, "Hana, Mwalimu. Nilimuuliza. Alisema aliyekuwa na kamera ni mwenye shamba."

Picha hizo, kama zipo, huenda zimo katika kabati fulani ng'ambo, na huenda hatutaziona kamwe. Lakini siku hizi karibu kila mwanafunzi wangu ana kamera mfukoni, na kila mmoja ana lugha mbili au tatu kinywani. Safari hii hatutakuwa na wa kumsingizia.